Uzi: Nachora filamu fupi ya vibonzo juu ya askari wa Lamu aliyekwenda Burma, na miguu yake imenitaabisha kuliko vita yenyewe

#1 FundiMato (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kazi yangu ya mchana ni rangi. Napaka mashua, naandika majina ya vyombo, na yale macho ya duara yanayokaa kwenye omo, mbele ya chombo, nayachora mimi. Usiku nachora filamu. Huu ni mwaka wa tatu. Ni filamu fupi ya vibonzo, ya dakika 8, naifanya peke yangu hapa Langoni bila kampuni wala mfadhili, na inamhusu baba wa bibi yangu mzaa mama. Alikuwa keya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa vijana ambao neno hili limewapita: keya ni matamshi ya herufi K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililoundwa 1902 kwa askari wa upande wetu huu wa Afrika.

Habari za mzee ni chache. Aliondoka Lamu na jahazi la boriti kwenda Mombasa, jahazi likarudi bila yeye. Kuna upande wa ukoo unaosema alijiandikisha kwa hiari yake, na kuna upande unaosema alishikwa forodhani. Alirudi 1946. Alileta blanketi la jeshi, kikombe cha bati, na tabia moja ambayo kila mtu nyumbani anaikumbuka: mvua ikinyesha usiku, hakulala. Aliketi dakani, kile kibaraza cha mlangoni, mgongo ukutani, mpaka inyamaze. Bibi yangu wakati huo alikuwa na miaka minne. Picha yake hatuna hata moja.

Hapo ndipo vibonzo viliponifaa. Mwenye kamera lazima awe na sura ya kupiga, nami sina sura. Mwanzo nilijaribu kumtungia. Nilichukua paji la uso la mjomba, pua ya mama, nikaunganisha, nikapata kijana mzuri sana anayetazama mbali kama askari wa kwenye mabango. Bibi alipoiona alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?" Sikulala usiku ule.

Nikarudi kwake nikamwomba aniambie alichokiona yeye mwenyewe, siyo alichosimuliwa. Akasema alikumbuka buti. Mtu aliingia ndani na buti, katika nyumba ambayo kila mtu huacha viatu mlangoni, na yeye alikuwa amekaa sakafuni. Basi filamu yote nikaishusha mpaka hapo, kimo cha mtoto wa miaka minne. Hakuna uso. Kuna miguu, mikono inaposhuka, kitako cha bunduki, ncha ya blanketi. Hata huko Burma, Myanmar ya leo, tunaona kwa kimo kile kile, kwa sababu ni mtoto anayewaza baba yake yuko wapi.

Sasa niwaambie jambo nililoligundua, ambalo ndilo limenifanya niandike uzi huu. Filamu inakwenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Gwaride la Kiingereza ni hatua 120 kwa dakika, yaani hatua mbili kwa sekunde. Kwa hiyo hatua moja ya askari ni fremu 12 kamili, haipungui wala haizidi. Nilikwenda Shela na simu, nikawapiga video watu wakitembea ufukweni, nikahesabu. Mtu asiye na haraka, kwenye mchanga mkavu, hatua yake ni fremu 18, mwingine mpaka 20, na hazilingani: ya kulia ndefu, ya kushoto fupi, kisigino kinazama, vidole vinashika. Basi mzee anaondoka Lamu kwa fremu 18 zisizolingana. Anafundishwa 12. Anarudi na 12. Anatembea juu ya mchanga wa nyumbani kwa fremu 12, na mchanga haumpokei. Sihitaji kumwonyesha akipiga risasi hata moja. Mwenye macho ataona kwamba kuna mtu aliyechukuliwa akarudishwa mwingine.

Nimemaliza dakika tano na nusu. Nimekwama kwenye sauti: azungumze Kiswahili gani? Alizaliwa na Kiamu, jeshini walizungumza Kikeya, na watazamaji wangu wengi watakuwa watu wa bara. Naomba maoni ya kweli.

#2 MwanaMalindi

Waalaykum salaam kaka. Hongera kwa subira. Nitasema moja kwa moja, usinione mkali.

Sisi wa upande wa Malindi tuna Mekatilili wa Menza. 1913 alisimama na Wagiriama wakakataa kodi, wakakataa vijana kuchukuliwa kazi za mkoloni. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu kuvuka nchi nzima. Agosti 1914, vita vya kwanza ndiyo vimeanza, Waingereza wakailipua Kaya Fungo, mji mtakatifu wa Wagiriama, kwa baruti. Walitaka wapagazi. Sanamu yake iko hapa mjini, napita mbele yake kila siku. Mimi nikiona filamu ya mtu wa Pwani aliyevaa sare ya wale wale waliolipua kaya, miaka 30 tu baadaye, nauliza: tunamlilia kwa lipi? Miguu unayohesabu ni mizuri, lakini Mekatilili naye alikuwa na miguu, na ilimrudisha kwao.

Halafu usisahau kwamba vita vya pili vilifika hapa hapa. Oktoba 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi. Wazee wetu hawakuhitaji kwenda Burma ili kuiona vita.

#3 FundiMato

Kaka, sijakuona mkali. Swali lako nimekaa nalo siku mbili.

Simtetei aliyempeleka. Mtu wa Lamu hakuwa na ugomvi wowote na Mjapani. Hata hivyo siwezi kumwacha mzee nje ya mlango kwa sababu ya sare aliyovaa, maana tukifanya hivyo tunamwacha aliyemvalisha aondoke bila kuulizwa. Mekatilili alikataa na akajulikana. Wapo wengi ambao hawakupata nafasi ya kukataa, au walikubali kwa sababu ya mshahara, na wote hao tumewafukia pamoja katika kunyamaza. Mimi wangu ni mmoja wa hao.

Ila umenipa kitu. Onyesho la forodhani nilikuwa nimelichora na miguu yake peke yake. Nimelichora upya. Sasa kuna meza, na chini ya meza kuna viatu vyeusi vya karani vilivyong'arishwa, havisogei hata kidogo, na mbele yake mstari wa miguu mitupu inayosogea mmoja mmoja. Mguu ukifika mezani unasimama, muhuri unagonga juu, tunausikia tu, kisha mguu unakwenda kulia. Hakuna anayekwenda kushoto. Limechukua sekunde 14 na ndilo onyesho gumu kulitazama katika filamu nzima. Shukrani zako.

#4 Fremu24

Mkuu, mimi ni mwanafunzi wa uhuishaji, niko Mombasa. Naomba tuingie jikoni. Unatumia programu gani, mashine gani, na unachora michoro mingapi kwa sekunde? Dakika 8 peke yako ni mzigo. Na je, umefanya animatiki kwanza (storibodi, vile vichoro vya mpango, vikipangwa kwa muda na sauti) au umeanza kuchora moja kwa moja?

#5 FundiMato

Karibu jikoni ndugu yangu, ingawa jiko lenyewe ni meza ya baba na feni.

Natumia Blender, ile sehemu yake ya Grease Pencil inayokuwezesha kuchora kwa mkono ndani ya nafasi yenye kina. Ni ya bure. Anayedhani programu ya bure ni ya kujifunzia tu, akumbuke kwamba Flow, filamu ya Latvia iliyochukua Oscar ya filamu ndefu ya vibonzo mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender. Mandhari za nyuma nazipaka kwenye Krita, nayo ya bure. Kompyuta yangu ni ya mkononi, RAM gigabaiti 8, niliinunua ikiwa imetumika.

Nachora moja kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Dakika 8 ni sekunde 480, piga mara 12 unapata michoro 5,760. Ukiiona hesabu hiyo ukutani unaweza kuacha. Lakini filamu yangu ina utulivu mwingi. Miguu iliyosimama mvuani ni mchoro mmoja kwa sekunde nne, na kinachosogea ni mvua peke yake kwenye leya nyingine. Hata hivyo mchoro uliosimama kabisa kwenye skrini hufa, macho ya mtu yanajua. Kwa hiyo ninauchora ule ule mara tatu, mstari juu ya mstari, kisha naizungusha mitatu hiyo. Mstari unatetemeka kidogo tu, na mguu unakuwa na pumzi.

Animatiki ndiyo iliyoniokoa. Nilianza kwa pupa, nikachora dakika nzima ya safari ya meli kwa rangi na vivuli, miezi minne, na nilipoipanga na nyingine nikaona haina kazi. Niliitupa. Tangu hapo nilirudi kwenye storibodi, vikaratasi 140 nilivyobandika ukutani, nikavipiga picha, nikavipanga kwa muda wake pamoja na sauti yangu mwenyewe nikisoma. Nikamwonyesha bibi na watoto wa jirani. Walipochoka nilikata. Usichore fremu hata moja safi kabla animatiki yako haijamfanya mtu akae kimya.

La mwisho, hifadhi. Hewa ya bahari hapa inakula vyuma, diski yangu ya nje ilikufa mwezi wa Ramadhani mwaka juzi ikazama na onyesho la sekunde 40. Sasa nina nakala tatu, na mojawapo iko nyumba nyingine kabisa.

#6 BintiPate

Mwanangu, mimi nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 31, na Kiamu ni cha mama yangu. Nataka kukujibu lile la lugha, maana naona wote wamelikimbia.

Usimpe Kiswahili sanifu. Mtu wa Langoni wa mwaka 1943 hakusema "leo", alisema "yeo". Hakusema "njia", alisema "ndia". Moja ni "moya", macho ni "mato", mji ni "mui", na ukimwita mtoto aje kwako unasema "ndoo", si "njoo". Ukimsafisha ulimi umemchukua mara ya pili, na safari hii umemchukua wewe.

Kikeya nacho kilikuwa na sura yake. Kambini alikuwemo mtu wa Nyanza, wa Ukambani, wa Uganda, wa Tanganyika, wa Nyasaland, na wote hao walipewa Kiswahili cha amri. Ngeli zilipukutika. Walisema "kitu yangu", "mtu mbaya yote". Maneno ya Kiingereza yaliingia yakavalishwa: kuruti, koplo, sajini, kombania, gwaride. Wasomi wa lugha wa siku zile walikidharau sana, nami sikidharau, kwa sababu kwacho watu waliookotwa kila pembe waliweza kuambiana "lala chini" kwa wakati.

Ushauri wangu ni huu, na unakwenda sambamba na hesabu yako ya miguu. Mpe maneno machache sana. Anapoondoka aseme "yeo". Anaporudi, mlangoni, aseme "leo". Asimweleze mtu. Aliye wa Lamu atasikia, na mtu wa bara atasikia kwamba wa Lamu wamesikia.

#7 FundiMato

Mwalimu, nimesoma jibu lako kwa sauti mbele ya bibi. Aliliinamia. Kisha akasema, "Ni kweli. Alirudi akisema kama watu wa redio." Hajawahi kuniambia hilo, na nimemuuliza mambo miaka mitatu. Nitaifanya kama ulivyosema, yeo na leo, na hakuna mwingine atakayeeleza.

#8 Mzee wa Kilindini

Vijana, hamjambo. Baba yangu alifanya kazi bandarini Kilindini wakati wa vita. Kama unataka kuchora askari wa Afrika Mashariki na bahari, chora Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa Februari 1944 kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives tarehe 12 Februari. Ilizama chini ya dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wetu wa mizinga, na wauguzi wa kike walikuwemo. Watoto wetu wanajua Titanic, lakini meli hii iliyotoka Mombasa hawaijui. Wewe ni mtu wa bahari, kwa nini unakwenda kwenye matope ya Burma?

#9 FundiMato

Mzee, shikamoo. Nimesoma habari hiyo na imenikaa rohoni. Nilifanya hesabu: dakika mbili ni fremu 2,880. Mtu anaweza kutengeneza filamu ya dakika mbili tu, kwa muda wake halisi, tangu mlipuko wa kwanza mpaka bahari kufunga. Hiyo ni filamu nzima peke yake, na nikiiingiza ndani ya hii nitaila bila kuitafuna. Wa kwangu alifika. Nitabaki na aliyefika.

Na matope ndiyo yaliyonivuta, naomba nieleze kidogo kwa wasiojua. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa nembo ya kichwa cha kifaru begani, iliingia Bonde la Kabaw Agosti 1944, katikati ya masika ya kule, ikimfukuza Mjapani aliyekuwa akirudi nyuma kutoka mpaka wa India. Barabara iligeuka uji. Chakula kilishushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Malaria na homa za kupe wadogo ziliwaangusha watu pamoja na risasi. Walitembea hivyo mpaka Desemba, walipoichukua Kalewa kwenye mto Chindwin. Miezi minne, mingi yake ya mvua. Sasa rudi kwa mtu aliyekaa dakani Lamu usiku wa mvua, mgongo ukutani. Sikuhitaji kusoma kitabu kingine baada ya kulijua hilo.

Hatua ya kwenye matope inachukua fremu 30 kwenye filamu yangu. Mguu unaingia kwa fremu nne, unabaki kwa kumi na mbili, na kuutoa ni kumi na nne. Sauti ya kuutoa nimeirekodi hapa hapa, kwenye matope ya mikoko maji yakitoka. Nilishuka mwenyewe na simu kwenye mfuko wa plastiki.

Na huko Kalewa bahari inamrudia, mzee. Mafundi wa jeshi walitandika daraja la Bailey la kuelea juu ya mto, futi 1,154, lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati ule. Paneli zake ni za chuma, kila moja ikibebwa na watu sita, na zinaunganishwa kwa pini. Mimi namchora mtu wa visiwa ambavyo mitepe, vyombo vya tanga vya zamani, ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, amechuchumaa ukingoni, mkono wake umeshuka unagusa maji. Anaonja kidole. Si chumvi. Basi, onyesho linaisha. Nimelichora mara sita.

#10 Kuruti

Samahani ndugu, nina swali la kijinga labda. Filamu ya vita isiyo na vita, watu watakaa? Mimi ningetaka kuona angalau mapigano mamoja. Na adui yuko wapi?

#11 FundiMato

Swali lako si la kijinga, ndilo kila mtu anayenitembelea huniuliza.

Yapo mapigano, yanasikika. Yamo nyuma ya mvua, sekunde 20, na miguu imelala badala ya kusimama. Unaona nyayo za buti zikiangalia kamera. Jozi nne. Mwishoni jozi tatu zinainuka. Adui naye yupo: baada ya hapo tunapita kwenye jozi moja ya miguu iliyolala isiyo ya kwetu, viatu vyake ni vile vya Kijapani vya turubai vilivyotenga kidole gumba. Nimeipa muda ule ule nilioipa ya kwetu, sekunde tatu. Sikutaka mtu acheke wala ashangilie hapo.

Niliwahi kujaribu unavyotaka wewe. Nilichora mlipuko, moto, damu, na nakiri mkono ulifurahi. Moto ni raha kuuchora, unakwenda wenyewe. Nilipoutazama kesho yake niliona haya. Mkono wangu ulikuwa ukicheza na kitu kilichomnyima mtu usingizi maisha yake yote.

Kuna jambo jingine. Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri makosa yake juu ya waliokufa Vita vya Kwanza: kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao wa Afrika na Asia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na watu wasiopungua 116,000, huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao ni wa upande wetu. Tunatamka Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam kila siku, tunakwenda kununua nguo na samaki, na jina lenyewe ni la kikosi cha wapagazi wa vita vile, Carrier Corps. Vita vya Pili angalau majina yaliandikwa. Kule Taukkyan, karibu na Yangon, kuna ukumbusho wenye majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi, na ya askari wa Afrika Mashariki yamo. Lakini aliyerudi hai hana ukuta wowote. Alirudi akauza samaki. Huyo ndiye ninayemchora, na yeye hakupigana sekunde zote. Muda mwingi alitembea.

#12 Usita wa Mui

Ami, kazi ni njema, lakini nimeziona picha ulizobandika na nina marekebisho, usinikasirikie. Moja, ngome umeichora na watu wanaingia na kutoka na watoto wanacheza mlangoni. Mwaka 1943 ngome ilikuwa jela, na ilibaki jela mpaka 1984. Hakuna mtoto aliyecheza pale. Mbili, kuna ndoo ya plastiki karibu na birika la maji. Tatu, punda umemvisha hatamu ya nailoni ya bluu, hizo ni za sasa.

#13 FundiMato

Allah akulipe. La ngome limenitia aibu, maana marehemu babu wa upande wa baba aliwahi kutuonyesha dirisha ambalo wafungwa walikuwa wakichungulia. Nimelibadilisha: mlango umefungwa, na mbele yake kuna miguu ya askari jela. Limenifaa kuliko la mwanzo, kwa sababu sasa mzee anapokwenda forodhani anapita mbele ya jozi ya buti, za kwanza katika filamu. Ndoo nimeifanya mtungi. Hatamu nimeifanya ya kamba.

Mwenye jicho kama lako asiondoke kwenye uzi huu. Naomba pia anayekumbuka taa: forodhani usiku walitumia karabai au fanusi za mafuta ya taa? Mwanga wa karabai ni mweupe na una sauti, nitahitaji kuurekodi.

#14 MwanaMalindi

Fanusi majumbani, karabai kwa wenye uwezo na kwenye shughuli, hivyo ndivyo nilivyosikia kwa wazee wa huku. Mama ana karabai stoo, bado inawaka ukiipiga pampu. Nitaipeleka na basi la Lamu wiki ijayo, irekodi halafu uirudishe. Filamu ikiisha iletwe Malindi tuionyeshe uwanjani, ukutani, kwa shuka. Ila usisahau kupata cheti cha Kenya Film Classification Board kwanza, filamu ya kuonyeshwa hadharani lazima ipitishwe hata kama ni ya dakika 8.

#15 FundiMato

Karabai imefika salama, kaka, na kioo chake hakikuvunjika. Inavuma. Nimeirekodi ikipigwa pampu, ikishika moto, ikizimwa.

Na jana nimerekodi sauti ya bibi. Nilitaka aseme sentensi mbili tu mwishoni, nilizomwandikia. Tulifunga madirisha, tukatundika mablanketi mawili ukutani ili chumba kisirudishe sauti, na moja kati ya hayo ni lile lile la jeshi. Watoto walitolewa nje. Nikamchezea onyesho la mwisho bila sauti kwenye kompyuta: usiku, mvua, dakani, buti mbili zimesimama sambamba na kando yake miguu mitupu ya mzee, haitikisiki. Nyayo ndogo za mtoto zinatokea mlangoni, zinasimama hatua tatu kutoka kwake.

Bibi hakusoma nilichoandika. Karatasi alikuwa nayo mkononi, miwani alikuwa nayo. Alitazama zile buti, akaisogelea simu, akasema pole pole kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Ndoo ndani, babaangu. Mvua yapita."

Sikumrudisha. Tulirekodi mara moja tu. Leo usiku naanza kuchora upya nyayo za mtoto, maana sasa inabidi zisogee.